Moto Uliotoka Upande wa Mutshatsha

Mama yangu,

Nakuamkia, nikiomba kifua chako kiwe kimepoa na ule moshi wa makaa. Mimi siumwi. Shuleni bado niko mbele katika hesabu.

Wiki iliyopita, giza likianza kuingia, nilikuwa uani nasonga bukari nikaona moto unapita angani, wa kijani, mkubwa kuliko mwezi. Masufuria yote yaling'aa. Ukakatika vipande, kisha mlio ukaja kama baruti ya mgodini. Nilipiga vigelegele. Mwalimu ametufundisha kwamba hilo ni jiwe la angani linaloungua, na anayeliona aangalie limetoka upande gani. Kwa hiyo Shangazi aliponiuliza, nilijibu vizuri: "Imetoka ku Mutshatsha, tantine."

Asubuhi yake shimo analochimba mume wake likabomoka. Walimtoa hai, lakini mguu mmoja umekatwa.

Unajua hapa wanasema moto wa angani ni ndege ya wachawi. Wanawake waliokuja kutoa pole waliuliza nani aliuona kwanza.

"Ni huyu," Shangazi akasema. "Na alifurahi."

"Ilitoka wapi?"

"Kwabo. Kwa mama yake."

Nilieleza tena habari za jiwe. Shangazi akanitazama. "Jiwe haijitupake. Nani aliitupa?"

Sasa nalala jikoni na sahani yangu imetengwa. Watoto wake, ambao mimi ndiye niliyewafundisha kusoma, wananiita Piloti. "Piloti, leo unabeba bantu ngapi?" Jumapili watanipeleka chumba cha maombi, nikae bila chakula wala maji mpaka nikubali.

Mama, jana Shangazi alinipa karatasi akanisimamia niandike: njoo unichukue, nimekukumbuka. Barua hiyo itakufikia kwa treni. Mwandiko ni wangu, na ni kweli nimekukumbuka. Lakini usije. Watakungoja stesheni, na wanaume wengine wamelewa tangu ajali.

Hii ya pili nampa Mwalimu, naye ataikabidhi kwa dereva wa lori la makaa ili ikuwahi. Mwalimu amesema Jumapili atasimama mlangoni pa chumba hicho cha maombi, wasiniingize. Ninamwamini.

Nisalimie Nyanya, mama yake baba, asiambiwe lolote. Na mdogo wangu aliyeanza shule mwaka huu, mwambie dada yake aliliona jiwe la angani, na lilikuwa zuri sana.

Usije, Mama.

Mwanao,
Kapinga