Sufuria Uliyoipua kwa Mikono Mitupu

Mpwa wangu,

Sisi huku tu wazima. Paa la jikoni limezibwa, na mkaza mjomba wako bado anaicheka hotuba yako ya Jumapili: "Mjomba, chai na kazi yetu ya kuzamia ni ndugu. Unatumbukia majini, unatulia, unatoka umebadilika rangi!" Nami nikakujibu kwamba majani ya chai yamekuzidi akili, maana hayo hushuka mara moja tu.

Lakini ulipokuwa ukituchekesha, uliipua sufuria iliyokuwa ikitokota kwa mikono mitupu, ukamimina vikombe vyote bila haraka. Nilidhani ni mbwembwe za ujana. Ulipoondoka, mkaza mjomba wako aliniambia kwamba aliona malengelenge viganjani mwako, nawe ukamwambia, "Hata sikuusikia moto."

Jana nilimbana mzamiaji mwenzako. Aliinamisha kichwa.

"Mzee, tukipanda kutoka kilindini tunapaswa kusimama njiani, hewa itoke damuni taratibu. Msimamizi hataki. Anasema meli hazingoji wavivu. Yule aliyetutangulia alianza na ganzi ya vidole."

"Sasa yuko wapi?"

"Kwa mama yake. Analishwa."

Mwanangu, usizamie tena kabla hujaonwa na daktari. Msimamizi akikufukuza, kitanda chako kipo. Mwenzako ndiye anayekuletea barua hii, naye atalingoja jibu. Liandike kwa mkono wako mwenyewe, usimwombe mtu. Nataka kuziona herufi zako.

Ni mimi mjomba wako,
nisiyelala.