Nimechagua Kile cha Kijivu

Dada Akinyi,

Salamu kutoka Riyadh, ambako leo hata chai ina mchanga. Kati ya vile vikompyuta viwili vya mkononi ambavyo ofisi ilitaka kutupa, nimechagua kile kikuukuu cha kijivu. Najua, mwalimu wangu wa programu, ulisema nichukue chenye kioo cha rangi. Lakini programu za hicho cha rangi huandikwa kwenye kompyuta kubwa, nami hapa getini nina kiti na birika tu. Za cha kijivu naziandika humo humo, herufi moja moja, kwa kikalamu chake.

Leo dereva wa lori la Jeddah alitaka kutoka, akapiga kelele, "Yalla! Haraka!" Nikaingiza namba ya lori, kikaonyesha saa aliyoingia. Akachungulia kioo.

"Nani ametengeneza programu hii?"

"Mimi."

Kesho namwonyesha bosi. Akikataa kuitumia, keshokutwa nitamrudia. Nikumbatilie watoto.

Nduguyo, mlinzi kwa sasa,
Otieno