Faharasa Iliyosimama Siku ya Mazishi Yako

Mjomba,

Nimekaa kwenye kiti chako hapa ofisi ya parokia. Mwenzangu Wakesho ametoka, kwa hiyo naweza kukuandikia bila mtu kuniuliza naandika nini. Unajua mimi na kuulizwa.

Nianze na lile baya. Ninamwonea wivu Wakesho. Nilimwonea ukiwa hai, na nilidhani ukiondoka wivu utaisha, maana tungekuwa tumekukosa sawasawa. Haukuisha. Kwenye matanga alilia kwa sauti kuliko mimi, na watu wakampa pole kana kwamba yeye ndiye mpwa wako. Mimi, mtoto wa dada yako, nilikuwa nyuma ya nyumba nikisuuza vikombe.

Ulitupa kazi tofauti. Mimi nilichapa kwenye kompyuta majina kutoka vile vitabu vikuukuu vya ubatizo, ukurasa baada ya ukurasa. Yeye ukamketisha hapa ukamfundisha hifadhidata ilivyojengwa ndani. Nilipokuuliza sababu, ulicheka. "Wewe macho yako hayaruki mstari. Huyu mwenzako ukimpa kitabu atatubatizia hadi mbuzi." Nikacheka na mimi. Ila nilikwenda nyumbani nimenuna, na sidhani uliona.

Tulikuwa na yetu pia, sisemi hatukuwa nayo. Ile siku ulipoleta kioo cha kukuzia tukabishana asubuhi nzima kama padri wa zamani aliandika Mwakio au Mwakia. Ukashindwa, ukaninunulia mahamri mawili, kisha ukala moja. Ninaishikilia sana siku hiyo, kwa sababu Wakesho hakuwepo.

Sasa nikueleze yaliyotokea. Tangu tukuzike kule Rukanga, majina mapya yalikataa kuonekana. Nilichapa leo, nikatafuta kesho, kompyuta ikasema hakuna. Majina niliyochapa ukiwa hai yalitokea vizuri tu. Wakesho alihangaika wiki tatu, akapekua kila kitu ulichoandika, akabadilisha, akarudisha. Mimi nilikaa nyuma yake nikifurahi. Ndiyo, nilifurahi. Nilitaka ashindwe, ili ijulikane kwamba ulichagua vibaya.

Kisha akaja mzee mmoja kutoka Maungu. Alitaka cheti cha ubatizo ili mwaka wake wa kuzaliwa urekebishwe kwenye kitambulisho. Wakesho akatafuta, hakuna. Katekista akamwambia pole, labda alibatizwa kwingine. "Kwingine wapi, mwanangu?" mzee akasema. "Mimi nimebatizwa hapa hapa. Maji yalikuwa baridi, nikampiga padri teke. Mama alinisimulia." Wakesho akacheka, mzee hakucheka. Akavaa kofia akaondoka. Hapo katekista akasema Jumapili baada ya misa mashine inakwenda kwa karani, achapie matangazo, na sisi turudi kwenye vitabu.

Jina la mzee yule nilikuwa nimelichapa mimi wiki moja kabla. Nililitambua alipolitaja, lakini mdomo wangu unaujua, haukufunguka hadi alipofika barabarani. Nikamnong'oneza Wakesho. Akafungua jedwali lenyewe, akashuka mstari kwa mstari, na jina lilikuwepo.

"Kumbe limo kwenye jedwali ila halimo kwenye faharasa," akasema. Akanieleza ulivyompangia. Tukitafuta, mashine haisomi rekodi zote. Inasoma faharasa, kama mtu anayefungua kurasa za mwisho za kitabu kuona neno liko wapi. Na uliiagiza iijenge faharasa upya kila siku saa moja jioni, ili isitucheleweshe mchana tukichapa. Mimi hukuwahi kuniambia hayo. Akafungua orodha ambamo mashine huandika kila inapomaliza kazi. Mstari wa mwisho ulikuwa wa siku moja kabla ya mazishi yako.

"Ni stima," Wakesho akasema. "Stima ya Voi jioni haina adabu."

Si stima. Ni mimi.

Unajua Mama anavyoogopa radi. Kwetu kila kitu huzimwa ukutani, na redio na televisheni hufunikwa vitambaa vya kufuma. Siku ya mazishi nilipita hapa nikaifanyia mashine yako hivyo hivyo, na kila siku saa kumi na moja, kabla sijaenda nyumbani, nikarudia. Nilizima swichi, nikatandika kitambaa cheupe, nikakinyoosha pembe zote nne. Ilikuwa kazi yangu peke yangu, ambayo hukumpa Wakesho. Wewe hukuizima kamwe. Nilidhani ulikuwa ukisahau, kumbe uliiacha iwake ili ifanye kazi yake ya saa moja.

Jana sikuzima. Leo asubuhi Wakesho akaandika jina la yule mzee na likatokea. Akaruka juu. "Mjomba wako huyo! Hata huko aliko hatuachi!" Wivu ukanipanda hapo hapo, eti anakushukuru wewe kwa jambo nililofanya mimi. Kisha nikakumbuka nililofanya mimi ni lipi.

Lakini katekista hajaridhika. Anasema yeye hataki kitu kinachofanya kazi kikijisikia tu. Hadi aelezwe ilikuwa nini na kwamba haitarudi, mashine inaondoka Jumapili. Wakesho anarudia tu kwamba ni stima. Jibu ninalo mimi. Nikinyamaza, hakuna atakayejua, na kila ulichotengeneza hapa kitakuwa cha kuchapia tangazo la harambee.

Sitanyamaza, Mjomba. Nitamwambia Wakesho kwanza, halafu katekista. Yule mzee aliacha namba ya simu; nitampigia mwenyewe, nimwombe msamaha kwa kumrudisha Maungu bure.

Na nitamwomba Wakesho anifundishe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Namna ulivyofikiri, ulivyopanga kitu kimoja kikisubiri kingine, imebaki kichwani mwake, na mimi wa damu yako sina budi kumwendea nikaombe. Bado namwonea wivu. Nitaomba hivyo hivyo, na wivu wangu.

Pumzika, Mjomba. Nakwenda kumtafuta.

Mpwa wako,
Mkamburi