Dakika Sita za Guku Jilala

Jumatatu, 4 Julai 2005

Imekwisha! Kompyuta imetafuna saa nne nzima kutoa dakika sita za video, lakini imekwisha. Guku Jilala wa Bagika, kushoto. Masele wa Bagalu, kulia. Fremu moja! Guku, babu yangu, na huyu mzee wa Lalago wameshindana ngoma miaka thelathini, kila mmoja na chama chake cha ngoma na upande wake wa uwanja, na watu ndio huamua kwa miguu yao — wakikimbilia kwako umeshinda. Mimi nimewakutanisha. Dakika ya tatu wanaingiliana, mkono wa guku unatokea begani kwa Masele. Watazamaji nimewafuta wote, mmoja mmoja, wiki tatu. Walikuwa wanachafua picha.

Nimechoma sidii mbili. Moja inakwenda Dar, kwenye maonyesho ya sanaa za kompyuta. Miaka mitano napiga video za harusi hapa Bariadi na kuchapa mitihani ya watu. Leo nimetengeneza kitu changu.

Alhamisi, 7 Julai

Sabasaba. Ngoma kila mahali, na guku yuko kitandani Ngulyati, mguu umevimba hadi gotini. Kanishika mkono. Anasema hatacheza tena, lakini ile video niliyompiga mwaka jana ipo, basi siku ya msiba wake niwaonyeshe watu. "Mimi na watu wangu, ng'wanone. Asionekane Mgalu hata mmoja."

Nikasema ndiyo, guku. Ningesema nini? Hajui habari za dakika sita. Na kanda yenyewe nimeshairekodia harusi ya Shigela. Kanda mpya hazipatikani, wapiga video wote hapa tunafanya hivyo: unaingiza kwenye kompyuta, kanda unairudia. Guku mzima mzima yumo kwenye kompyuta. Wasiwasi wa nini.

Jumatatu, 11 Julai

Umeme ulikatika saa nne asubuhi. Ulivyorudi, ulirudi na hasira. Harufu ya kuungua. Stebulaiza nilimwazima jirani, Eufrasia, kwa ajili ya friji lake — siku mbili tu, alisema! Fundi Deogratias kaifungua kompyuta, kanusa. Diski ataipeleka Mwanza.

Jumamosi, 16 Julai

Deogratias karudi. Hakuna kitu. Hata sekunde moja.

Nimebaki na ile sidii ya pili, yenye Masele. Tangu asubuhi niko kwenye kompyuta nyingine, ya dukani, najaribu kumtoa Masele. Hatoki! Nilivyowachanganya vizuri! Ukimfuta, guku anabaki na tundu kifuani na mkono mmoja. Nimelia mbele ya wateja. Mama mmoja aliyekuja kutoa fotokopi kanipa leso yake.

Jumanne, 19 Julai

Dar wamepiga simu. Kazi imechaguliwa. Wamependa hasa ule uwanja mtupu. Nikasema asante, nikakata.

Jumatano, 20 Julai

Guku amefariki alfajiri.

Nimeandika nione kama nitaamini. Siamini.

Mjomba Marcelo ameshatangaza: keshokutwa, baada ya maziko, watu wote wataonyeshwa video ya mzee. Jenereta imepatikana. Nikamwambia kompyuta iliungua. Kasema, si una sidii, mama yako katuambia. Nikaenda kuitazama sidii yenyewe. Nikiivunja, guku hana tena pa kuonekana. Picha nyingine yake ni ya kadi ya kura, uso tu, amekunja ndita. Nikiionyesha, nimemvunjia neno akiwa kaburini. Nimemharibu mwenyewe kwa mikono yangu, na nilijisifu!

Ijumaa, 22 Julai. Ngulyati

Tumemzika. Naandikia juu ya gunia la pamba, nyuma ya watu. Mjomba anaunganisha nyaya za runinga. Sidii nimempa, sikuweza kumnyima.

Masele amekuja! Peke yake, kwa lori la pamba. Bagika wamempa kigoda nyuma kabisa. Nimemfuata, nimepiga goti, nimemweleza yote. Kanisikiliza mpaka mwisho.

"Na watu wamesimama upande gani?"

Nikasema niliwafuta.

"Sasa, mayu, mshindi utamjuaje?"

Wiki tatu nafuta watu na swali hilo halikunijia hata mara moja. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu. Halafu kauliza Jilala yuko upande gani. Kushoto, nikasema, lakini dakika ya tatu —

Hakungoja. Kabeba kigoda chake, kaenda kukaa mbele, kushoto, katikati ya Bagika. Wanasogea mbali naye. Shangazi Ng'washi anauliza kwa sauti, huyu anatafuta nini huku?

Mjomba kabonyeza. Guku! Vigelegele! Watoto wamesimama juu ya viti.

Wamemwona wa kulia. Vigelegele vimekatika.

Naandika ili nisitazame. Mjomba ananiita, siitiki. Mtu kasema zima hiyo. Wengine wananyanyuka, viti vinakwaruza. Na mtu mmoja anapiga makofi, kwa mdundo wa guku, hakosei hata pigo. Sihitaji kuinua kichwa kumjua.

Sasa ngoma ya Masele inaingia chini ya ngoma ya guku. Ndiyo dakika ya tatu. Shangazi kapiga ukelele, anakwenda kwenye runinga, na yule mzee bado anapiga makofi, na mimi nainua kichwa.