Mikono Miwili ya Kushoto

Jumatatu, 3 Februari
Mazoezi ya asubuhi nimemaliza. Kuuning'iniza mkono na kuuzungusha, kisha vidole kupanda ukutani. Bega la kulia bado limeganda. Alama ya leo, vidole vilipoishia, iko usawa wa kidevu, pale pale pa Ijumaa. Nimeichora kwa penseli hivyo hivyo.

Kitambaa cha kichwa cha Mama tumefunga. Tangu kiharusi upande wake wa kulia haufanyi kazi, na maneno yamepotea. Mkono wangu wa kulia haufiki kichwani. Kwa hiyo yeye anashika ncha moja, mimi nyingine, tunapitishana kisogoni mpaka fundo likubali. Mikono miwili ya kushoto. Leo kimekaa upande. Mama amecheka kwa nusu ya mdomo. Bila kitambaa hatoki, hata kuota jua hapa mlangoni.

Ijumaa, 7 Februari
Thika, kliniki. Njoroge, kijana anayenitibu, ameniwekea taulo la moto begani, kisha akausukuma mkono mpaka nikauma meno. Anasema sukari yangu imechangia. "Auntie, hii bega haitaki haraka. Ukiiforce itakasirika."
Nimeuliza lini nitaweza kumwinua mtu. Miezi, anasema. Nimekasirika naye kana kwamba yeye ndiye aliyeligandisha.

Jumanne, 18 Februari
Lawi amepiga simu kutoka Kakamega. Ndugu yangu mdogo. Amejua kwamba siku hizi ni jirani, Mama Wambui, anayemtoa Mama kitandani na kumweka kitini.
"Dada, nakuja tarehe kumi na tano mwezi ujao. Kama huwezi kumwinua, naenda naye."
Nimemwambia naweza. Uongo mtupu, na sikusita.
Lawi ni mtu mzuri. Hilo ndilo linaloniudhi. Ana nyumba kubwa, mke, uwanja wenye kivuli. Mimi nina chumba kimoja hapa Mwihoko, na Mama. Akienda nitamsemesha nani? Hajibu, lakini anasikiliza.

Jumapili, 2 Machi
Alama imepanda hadi puani. Mwezi mzima, kutoka kidevuni hadi puani. Siku kumi na tatu zimebaki. Hazitoshi.
Mama Wambui anamjua mzee mmoja kule Mwiki anayenyoosha mifupa. "Ni mara moja tu unapona. Huyo wa Thika anakupotezea time."
Nimeuliza njia. Naona aibu hata kuandika.

Jumatano, 5 Machi
Nimeenda. Mafuta ya moto, goti lake kwenye mbavu zangu, akavuta. Kitu kimelia ndani. Nimepiga ukelele mpaka watu wakachungulia dirishani.
Kijiko hakifiki mdomoni. Nakula kwa mkono wa kushoto.
Mjinga mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Njoroge ameligusa bega. "Tunaanza upya, auntie." Basi. Nilitamani anigombeze.
Kitambaa bado tunafunga. Hicho hakihitaji mkono wa kulia.

Jumamosi, 15 Machi
Lawi alifika saa nne. Nilimwambia akae atazame. Nikapitisha mikono chini ya makwapa ya Mama, nikahesabu hadi tatu, nikainua. Bega likakataa. Mama akateleza polepole, akaketi sakafuni kati ya kitanda na kiti, kitambaa kimemfunika jicho moja. Hakuumia. Alikuwa ananitazama mimi, si Lawi.
Lawi alimwinua peke yake. Akamweka kitini.
"Dada, umeona mwenyewe."
Nimeona.
Kabla hawajaondoka nilifunga kitambaa na Mama. Kilikaa sawasawa. Mara hii moja tu.
Wameondoka saa nane. Kiti chake kiko mlangoni. Sijakiondoa.

Jumapili, 27 Aprili
Kidevuni tena. Nauchukia ukuta huu. Nilimuuliza Njoroge nafanya mazoezi kwa ajili ya nani sasa. Akasema, "Ndio uchane nywele zako." Nilimjibu vibaya. Nitamwomba msamaha wiki ijayo.
Sina hamu ya kupika. Chai na mkate.

Jumatano, 11 Juni
Vidole vimefika usawa wa paji la uso. Nikainamisha kichwa mbele ya kioo, nikajifunga kitambaa mwenyewe, kwa mikono yote miwili. Hata dakika haikuisha. Nikakifungua.

Baadaye mke wa Lawi akapiga simu. Mama anakula vizuri, anatolewa nje kila siku. Shida ni moja. Kila asubuhi akitaka kumfunga kitambaa, Mama anaisukuma mikono yake. Anashika ncha moja kwa mkono wa kushoto, anaunyoosha, anangoja. 
"Sijui huwa anataka nini."
Nilikaa kwanza kwenye kiti cha Mama.
Kisha nikamweleza. Shika ile ncha nyingine. Kwa mkono wa kushoto, huo mmoja tu. Wa kulia uweke mgongoni, usimsaidie.
Nikasikia simu ikiwekwa mezani. Nikangoja. Kuku, mlango, pumzi ya mtu.
Akarudi akasema kimekaa upande, na Mama amecheka.
Nimechora alama ya leo.