Jina la Baba kwenye Meza ya Poka

Jumamosi, Nyanga. Manyunyu tangu alfajiri, yale yasiyokoma wala kugeuka kuwa mvua. Nguo nimeanika ndani. Nimechoka, na si uchovu wa kazi, maana kazi sina tena.

Wiki nzima nimekuwa nikianza kuandika hili na kufuta. Leo naandika hadi mwisho.

Nilikuwa mwalimu wa hisabati, nikaacha. Kwa miaka mitatu nimefanya kazi nikiwa hapa hapa nyumbani, kwa kampuni moja ya nje inayoendesha mchezo wa poka mtandaoni. Kazi yangu ilikuwa kuwatafuta wanaocheza rafu. Mashine yao inanusa kwanza, kisha mtu anasoma na kuamua. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Kwenye poka kila mchezaji ana karata mbili ambazo wengine hawazioni. Watu wawili wakikaa meza moja na kuonyeshana karata zao kwa siri, waliobaki wanacheza kama waliofungwa macho. Huwezi kuwagundua kwa mchezo mmoja. Unawagundua kwa michezo mia, kwa jinsi wanavyokwepana.

Jumanne ya wiki juzi, asubuhi, lilinijia faili la wachezaji wawili walioingia meza moja karibu kila mara. Nikaanza kusoma. Kuna mahali mmoja wao alipata wafalme wawili, karata ambazo hakuna anayezitupa mapema. Yeye alizitupa. Mwenzake alikuwa ameshapandisha dau, na mkononi alikuwa na ree mbili, karata pekee zinazowashinda wafalme. Aliyetupa alijuaje? Nikaendelea, ukurasa baada ya ukurasa, na chai haijapoa nilikuwa na uhakika.

Nikiri: nilifurahi. Kukamata kuna utamu wake.

Kabla ya kufunga faili unafungua vitambulisho walivyojiandikishia. Nikafungua cha kwanza.

Alikuwa Baba.

Baba yangu mzazi, na tai yake ya kwenda kanisani, ananitazama kutoka kwenye kompyuta. Tulimzika miaka minne iliyopita nyuma ya nyumba yetu Nshamba, kwenye kibanja chake, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe.

Sikuhitaji kufungua cha pili. Nilikifungua hata hivyo. Mujuni, mdogo wangu.

Sheria ya kazi ilikuwa fupi: ukimjua mtu, sema siku hiyo hiyo, kabidhi faili, usimwambie chochote. Nimewahi kuwafundisha wafanyakazi wapya sheria hiyo. Nilifunga kompyuta, nikakaa kitandani na viatu vyangu, na sikumwambia mtu.

Kesho yake nilipanda gari la Muleba, nikashuka Nshamba.

Mujuni anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi. Ana miaka thelathini na moja, na mguu wa kushoto haukunjiki vizuri tangu alipoanguka na pikipiki. Alilala ndani miezi sita. Ni mimi niliyemfundisha poka wakati ule, juu ya godoro lake, tukiweka dau la maharage. Nilitaka asahau maumivu. Nikamwonyesha namna ya kukadiria karata zilizobaki, namna ya kumsoma mtu kwa muda anaochukua kabla ya kuamua. Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliopata kuwafundisha darasani.

Nilipomwambia nilichokiona, hakukana. Alisema akaunti zote mbili ni zake, anacheza kwa simu mbili zilizowekwa kando kando. Kitambulisho cha Baba alikitoa kwenye droo ya Mama. Alisema ukiwa peke yako pale unaliwa, kwa sababu nusu ya wale unaocheza nao si watu, ni programu. Hilo si uongo mtupu. Nimezifunga akaunti nyingi za programu. Nyingine zilikuwa zikisubiri sekunde zile zile kila zamu, na ndicho kilichozikamatisha.

Nikamwuliza kwa nini Baba.

"Jina lake halina kazi tena, dada," alisema. "Mimi nimelipatia kazi."

Alikuwa ameshika bisibisi, na hakuiweka chini.

Kisha akaniomba nilifute faili. Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba umfungie dirisha. Nani atajua? Nilimwambia sifuti. Nilimwambia aandike mwenyewe kwa kampuni, akiri, na nikampa hadi Ijumaa. Niliondoka nikidhani nimekuwa mwenye haki na dada mwema kwa wakati mmoja.

Hakuandika. Jioni ile ile alijaribu kutoa kila kilichokuwa kwenye akaunti zote mbili, na mashine ikamzuia.

Nilipoona hivyo Alhamisi asubuhi, nilijua kwamba atakayelisoma faili baada yangu ataona kitu kimoja: mchunguzi alilifungua Jumanne, akakaa nalo kimya, na Jumatano mchezaji akakimbia. Ningeweza kusubiri wanigundue. Niliandika taarifa yote. Kwamba wachezaji hao wawili ni mtu mmoja. Kwamba mtu huyo ni ndugu yangu. Kwamba nilikwenda kuzungumza naye. Jina la Baba nililiandika mwisho.

Msimamizi wangu alinipigia kwa video. Ni mama mtu mzima, ana sauti ya upole hata anapokufukuza. Alinishukuru kwa kusema kweli. Akasema waliocheza na Mujuni watarudishiwa haki yao. Akasema mimi siwezi kuendelea, na kwamba mafaili yote niliyowahi kuyaamua yatasomwa upya na mtu mwingine.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kufukuzwa. Kwa hilo la mwisho sikuwa nimejiandaa.

Ilibaki Mama. Nilihitaji cheti cha kifo cha Baba ili kampuni ielewe kwamba si yeye aliyecheza, na cheti kiko kwake. Nilimkuta anamenya ebitoke, ndizi za chakula cha mchana. Nikaketi kwenye kigoda, nikachukua kisu cha pili, na kumweleza nikiwa namenya, kwa Kihaya, kwa maana kwa Kiswahili ingesikika kama shauri la polisi. Hakuelewa poka ni nini na hakuuliza. Aliendelea kumenya mpaka beseni likajaa.

"Koku, hao watu walidhani mume wangu ni mwizi?"

Nikamwambia kwa siku chache, ndiyo, labda walidhani.

Alikwenda chumbani, akarudi na cheti kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alinipa kwa mikono miwili.

Majibu ya kampuni yamekuja leo saa nne asubuhi. Mistari miwili: akaunti zimefungwa, na kumbukumbu zimesahihishwa kuonyesha kwamba mwenye kitambulisho hakuhusika. Nimempigia Mama na kumsomea. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akasema waitu, lile neno letu la heshima, asante, sasa anakwenda kanisani kupanga maua ya ibada ya kesho. Nilisikia mlango ukifungwa kabla simu haijakatika.

Mujuni hapokei simu yangu. Mama anasema anafungua kibanda kila siku, anakula, haongei.

Nami tangu asubuhi namfikiria mtu mwingine kabisa. Mwaka jana nilimfungia akaunti mchezaji mmoja kwa kushirikiana na mwenzake. Aliniandikia mara tatu, kwa Kiswahili kizuri, akisema yule mwenzake ni mke wake, wanatumia intaneti moja, na hawajawahi kuonyeshana karata. Mara zote tatu nilimjibu kwa barua ile iliyokwishaandaliwa, nikibadilisha jina tu. Huenda alikuwa anadanganya. Wengi wao hudanganya. Ila sikurudi kuisoma michezo yake, hata mara moja, kwa sababu nilikuwa na mafaili mengine na nilikuwa na uhakika.

Mujuni nilimpa siku mbili, na nikalipa nauli kumfuata. Huyu sikumpa hata nusu saa.

Kwa hiyo mchana huu nimemwandikia msimamizi wangu wa zamani barua ya mwisho. Sikuomba kazi. Nimemtajia faili lile, nikaomba katika hayo watakayoyasoma upya, waanze na hilo. Nimeandika kwamba sikulisoma vizuri. Sijui kama atanijibu, wala kama jibu lake litanifaa kitu.

Kesho nakwenda Nshamba. Nitasali na Mama, kisha nitakwenda kukaa kibandani kwa Mujuni, asiponifukuza. Ana hasira nami, nami nina hasira naye, na mmoja wetu itabidi aanze kuzungumza.

Nadhani ni mimi.