Mkebe Ulioufukua Bustanini

Athman ndugu yangu,

Ulipokuwa ukifanya kazi Mtwapa nilikuandikia kila mwezi, na kila barua ilianza namna moja: mimi huku sijambo, sijui wewe huko. Leo nimekaa na kalamu tangu baada ya alasiri na mwanzo huo haunitoki. Mimi si mzima sana, na hali yako wewe anaijua Mola peke yake. Basi wacha nikupe habari za huku kwanza, kisha nikwambie lile lililonifanya nitafute karatasi.

Umetimiza miezi mitano kaburini. Mama yako, ambaye nami namwita Mama tangu utoto, yuko palepale mtaani Barani, na mwili wake hauna neno. Mikate ya kumimina bado anapika, lakini sinia linatoka limejaa na linarudi limejaa. Wale wanawake waliokuwa wakigombania nafasi mlangoni kwake siku hizi huzungukia njia ya nyuma. Wanasema mkono uliomlea mfukua fingo, ile kinga ya mji, haufai kugusa chakula cha watu. Kisima cha msikitini kilipoingia chumvi, wakasema ni Athman. Nyumba ya makuti ya jirani yenu ilipoungua, wakasema ni Athman. Uko chini ya ardhi na bado wanakutwika mizigo ya mji mzima, nami nasikiliza, nakunywa kahawa yangu.

Mashine yako ya kutafutia vyuma ardhini ninayo mimi. Iko uvunguni mwa kitanda, imefungwa kwa ile kanga ya Mama uliyokuja nayo siku ya kwanza, umeikumbatia kama mtoto mchanga. Yule mgeni wa Kitaliano uliyekuwa ukimsafishia chumba hotelini alikuachia ikiwa mpya ndani ya boksi lake, maana mkewe aliugua wakarudi kwao kabla hajaijaribu. Tukaitia mawe ya tochi. Ukaweka kijiko chini ya mchanga uani, ukapitisha ile sahani yake juu, ikalia. Mama akatoka jikoni akasema, "Hicho kijiko changu nilikuwa nakijua kilipo bila ya kuiuliza redio."

Ilikuwa raha, Athman. Nisiseme uongo hata kwenye hilo. Kila Jumamosi ukishatoka kazini tulikwenda kuijaribu bustani moja. Tulianza na ule uwanja wa watoto wenye bembea, tukajaza mifuko vizibo vya soda. Tukaenda mpaka Kilifi, kwenye ile bustani ndogo iliyo juu ya feri, na watu waliokuwa wakingoja kuvuka wakaacha foleni kuja kututazama. Askari wa bustani akakuuliza kama unaipima ardhi homa. Ulipata bizimu ya mkanda na senti kumi ya zamani yenye tundu, ukaitia uzi ukaivaa shingoni wiki nzima. Mimi kila nilipovaa vile vya kusikilizia vya masikioni sikupata kitu. Wewe ukanicheka mbele ya watu: "Bakari, masikio yako ni ya pambo."

Hapo ndipo pa kuanzia.

Utani wetu unaujua. Hukuacha kunirushia, nami sikuacha kukurudishia. Lakini lile la masikio lilinikaa. Nikasema moyoni, nitampa kitu cha kukifukua hata asahau kucheka. Ijumaa moja mchana, watu wakiwa majumbani, nilikwenda ile bustani ya mjini yenye mabenchi ya saruji. Nilichukua mkebe wa samli wa mke wangu uliokwisha kuota kutu, nikautia misumari mibovu, sindano, na kufuli la baiskeli yangu lililokufa. Nikauzungushia kitambaa chekundu, nikakifunga kwa uzi mweusi, nikauzika chini ya mti wa mkilifi ulio pembeni.

Ni mimi, Athman. Hukupata kulijua hilo. Ulikwenda nalo swali lako.

Wewe na mimi tumekua tukisimuliwa juu ya fingo: kwamba wazee waliizika dawa ardhini ili maradhi na adui wasiingie mjini, na kwamba atakayelifukua hatafika mbali. Tulikuwa tukicheka, ingawa hapana hata mmoja wetu aliyewahi kucheka akiwa peke yake. Mimi nilitaka kukuona ukishtuka. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga na maneno ya kukwambia: haya, masikio ya pambo yamekufunga.

Jumamosi nikakuelekeza kwenye mkilifi kama bahati tu. Mashine ililia kama haijapata kulia. Ukachimba kwa kijembe, kisha kwa mkono, kwa haraka yako ile, ukatoa mkono ukinyonya kidole gumba. Msumari ulikuwa umetoboa mkebe. Halafu ukakiona kitambaa. Rangi ilikutoka usoni, ukaanza kusoma Ayatul Kursi, na sauti yako haikuwa sauti ninayoijua. Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa nimefungua kinywa, wallahi. Lakini mzee anayefagia bustani alikuwa amekwisha kufika nyuma yetu, amekishika kichwa, anaita watu: "Wameufukulia mji fingo lake."

Wakaja wa sokoni, wakaja wa msikitini. Mmoja akakukamata kola. Nawe ukanitazama mimi, ukawaambia, "Huyu alikuwa akipita njia tu. Nimechimba mimi."

Ukaninunulia usalama wangu kwa neno moja, nami nikalipokea. Nikaondoka. Jioni wazee wakaurudisha mkebe ardhini kwa ubani na Yasini. Mkebe wa samli wa mke wangu, Athman, umesomewa Yasini, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma nikiitikia amin.

Siku ya tisa taya zako zikakaza. Uji ukashindwa kushuka. Mama akaita mganga, na mganga akasema anachosema kila mtu: fingo linadai. Wakakufukiza, wakakunywesha kombe, maji yaliyooshewa aya, kwa shida, tone kwa tone. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na kidole chako nilikuwa nakiona, kimevimba, wewe mwenyewe umekificha ndani ya ngumi. Nilijua msumari wenye kutu hufanya nini. Nilipokuwa kibarua wa ujenzi nilimwona mtu akipinda mgongo hivyohivyo. Ningesema msumari, wangeuliza msumari gani, na nani aliutia. Basi nikakaa kimya siku mbili.

Tulipokufikisha hospitali daktari alimuuliza Mama, "Amechomwa na kitu?" Mama akajibu hapana, maana hukumwambia. Nilikuwa nyuma yake. Nikatazama viatu vyangu. Jioni daktari alikiona kidole mwenyewe. Akasema ni pepopunda, na kwamba laiti mngekuja mapema. Usiku ule ule ulikata roho. Watu waliposikia habari ya msumari hawakubadili neno hata moja, walizidi kuamini. Msumari ulikuwa wa fingo, si ndiyo?

Mama alikuwa na msemo wake kwetu tangu utoto, tukianza kusukumana uani: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tulikuwa tukimwitikia kwa pamoja kama watoto wa chuo cha Kurani. Sikujua kuwa ni habari ya kweli.

Miezi mitano nimeibeba siri hii. Nimenunua mkate wake mmoja kila asubuhi, nikaula huku unanikwama, nikajiambia hiyo ndiyo toba yangu. Jumatatu nilimkuta ameketi mbele ya sinia, anampa mbuzi mkate. Hakuwa akilia. Alikuwa akiumega vipande vidogovidogo, kama anayemlisha mtu mgonjwa. La kuvunda halina ubani. Nikapiga magoti palepale mlangoni, nikamwambia yote, tangu vile vya masikioni mpaka viatu. Nikampa na ufunguo wa lile kufuli la baiskeli, ili akitaka mkebe ufukuliwe, ajue kuwa sikusema kwa wazimu.

Aliendelea kumega mpaka mbuzi akamaliza mkate. Kisha akauliza, "Alipokuwa akichimba, kabla hajakiona kitambaa, alikuwa na furaha?" Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia ulikuwa ukiimba. Akafunika uso kwa leso muda mrefu. Nikaomba msamaha. Akasema, "Msamaha wake anao yeye, na yeye umeshamzika. Lakini jina lake liko juu ya ardhi. Hilo nirudishie. Ijumaa, msikitini, mbele ya wanaume wote."

Kisha akaniambia nisipige hodi tena kwake.

Mke wangu ameniomba tuhamie Kuruwitu kwa ndugu zake kabla ya Ijumaa. Anasema watu watanipiga, na huenda ni kweli. Anasema marehemu hajali tena. Nimemkatalia. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile nimelala nikaamka bila kukusikia ukisoma Ayatul Kursi, na hilo nalo limenitia hofu, kama kwamba umeanza kwenda zako.

Sikuombi uniwie radhi. Ulikwisha kunipa kikubwa mno pale bustanini, nami nikakitumia vibaya. Nakuaga tu, kama tulivyokuwa tukiagana kwenye kona ya Barani, bila maneno mengi. Mungu akupe nuru huko uliko na akupanulie nafasi.

Leo ni Jumatano. Keshokutwa imamu akishatoa salamu nitasimama kabla watu hawajavaa viatu. Nitasema ni nani aliyeuzika mkebe, na ni nani aliyetazama viatu vyake. Nakuahidi sitakimbilia mlango. Na kuanzia siku hiyo, kisima kikiingia chumvi, waseme ni Bakari.

Mimi,
Bakari